Nishike maneno yapi ya "Ol' Man River"?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa sauti ya nne katika kwaya ya vijana hapa Morogoro. Katika nyimbo zote za maigizo ya jukwaani, niupendao kuliko zote ni "Ol' Man River" wa Show Boat, na mwalimu wetu amenikubalia niuimbe solo kwenye tamasha la kuchangia ununuzi wa vyombo. Nimekwama sehemu tatu. Katibu ameuandika kwenye ratiba kuwa ni "wimbo wa watumwa wa Marekani", nami sina hakika. Halafu nimemsikiliza Paul Robeson akiuimba kwenye filamu na kwenye matamasha, maneno hayafanani. Mwisho, ninapoanza nashuka mpaka sauti inapotea, na ninapomaliza napanda mpaka inapasuka. Naomba msaada.*

Marahaba kijana wangu. Umechagua wimbo mzito, lakini si wa kukushinda. Umeniuliza mambo matatu, nami naona ni jambo moja: ukishaamua unaimba maneno ya nani, utajua pia pumzi yako uitumie wapi. Kwa hiyo koo lako lisubiri kidogo.

Kwanza katibu afute hayo maneno kwenye ratiba. Wimbo huu haukutoka shambani wala kanisani. Waliuandika Wazungu wawili wa New York, Jerome Kern muziki na Oscar Hammerstein II maneno, kwa ajili ya Show Boat, iliyofunguliwa Ziegfeld Theatre, New York, tarehe 27 Desemba 1927. Hadithi waliitoa kwenye riwaya ya Edna Ferber ya mwaka 1926. Ni habari za familia yenye meli ya maonyesho, Cotton Blossom, inayopita mji kwa mji kando ya mto Mississippi ikiuza tiketi na kuigiza. Anayeimba ni Joe, mchukuzi wa gatini, mume wa Queenie mpishi. Na hadithi inaanza mwaka 1887, wakati utumwa Marekani ulishakomeshwa kisheria tangu 1865. Joe si mtumwa. Ni kibarua, mtu huru kwa karatasi, anayebeba marobota ya pamba kwa ujira wa kubahatisha, na askari wanamsubiri akosee kidogo tu wamtie ndani. Hilo ndilo linaloumiza kwenye wimbo, na ukiuita wa watumwa unalifuta. Mwambie katibu aandike: wimbo wa Joe kutoka Show Boat, Kern na Hammerstein, 1927. Inatosha.

Lakini simlaumu. Kern aliuandika makusudi ili usikike kama zile nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi. Wewe umezoea solfa, kwa hiyo jaribu mwenyewe: kiitikio kinaanza s s l d, na sehemu ya kwanza yote inazunguka kwenye d r m s l, bila kuegemea f wala t. Ndiyo ngazi ya noti 5 unayoikuta kwenye nyimbo nyingi za kiroho, na kwenye nyingi za kwetu pia, ndiyo maana mtu wa Morogoro akiusikia mara ya kwanza anahisi anaufahamu. Kern alikuwa fundi kwelikweli. Noti nne ambazo kwaya inaimbia jina la meli, Cotton Blossom, ukizigeuza unapata hizo hizo nne za kuanzia za Joe. Meli ina shangwe na bendera, mto una yule mchukuzi, na vyote viwili vimeshonwa kwa uzi mmoja.

Sababu nyingine ya watu kuchanganya ni Robeson mwenyewe, mwimbaji Mmarekani Mweusi. Mwaka 1925, yeye na mpiga piano Lawrence Brown walifanya onyesho New York la nyimbo za watu weusi tupu, za kiroho na za kazi, jambo ambalo lilikuwa geni kwenye kumbi za matamasha. Kuanzia hapo, popote alipoimba, nyimbo hizo zilikaa kwenye ratiba moja na "Ol' Man River". Aliyekuja kusikiliza alirudi nyumbani akidhani zote ni ukoo mmoja.

Sasa maneno.

Kuna jambo moja kwenye tamthilia ambalo waimbaji wengi wa solo hawalijui, kwa sababu wimbo wameukuta peke yake. Kabla Joe hajaimba, Magnolia, binti wa nahodha, ametoka kukutana na mcheza kamari mtanashati, Gaylord Ravenal, na tayari kichwa kimemzunguka. Anamuuliza Joe kama amemwona huyo bwana. Joe anamjibu kwamba afadhali akauulize mto, maana mto ndio unaojua yote. Binti anaondoka na mapenzi yake, Joe anabaki gatini, ndipo anaanza kuimba. Kwa hiyo wimbo ni jibu la mtu aliyeulizwa habari za mahaba huku mgongo wake unauma. Hamlilii mtu. Anajisemea tu: mto unajua kitu na hausemi, haupandi viazi wala pamba, na wanaopanda husahauliwa upesi.

Hammerstein alikuwa na hesabu yake ya kiufundi pia. Hadithi yake inatembea tangu 1887 hadi 1927, watu wanaoana, wanaachana, wanazeeka, mandhari inahama kutoka mtoni hadi Chicago. Alihitaji kitu kimoja cha kuifunga, akauchukua mto. Ndiyo maana Joe anarudi na wimbo huu tena na tena, kila mara amezeeka kidogo. Angalia pia jinsi alivyobana vina. Mistari ya mwanzo inarudia maneno au inagongana kwa mbali tu. Kina kamili cha kwanza kinakuja kwenye pamba na kusahauliwa, "cotton" na "forgotten". Mtu aliyechoka hatungi vina vya kupendeza. Nampenda Hammerstein zaidi kwa alichokinyima wimbo kuliko alichoupa.

Maneno yake ya 1927, kwa ufupi, yanasema hivi. Katika utangulizi Joe anasema kuna mzee aitwaye Mississippi, na huyo ndiye mzee ambaye angetamani kuwa. Katikati, muziki unapohamia ngazi ya huzuni: mimi na wewe tunatoka jasho, vuta jahazi, nyanyua robota, lewa kidogo uishie jela. Mwishoni: nimechoka, nimekata tamaa ya kujaribu, nimechoka kuishi na naogopa kufa, lakini mzee mto anaendelea tu na safari yake.

Kern na Hammerstein walipoandika walikuwa na Robeson kichwani, ila mipango haikukaa sawa na aliyeimba usiku wa kwanza New York alikuwa Jules Bledsoe. Robeson aliingia kwenye onyesho la London, Theatre Royal Drury Lane, mwaka 1928, kisha marudio ya New York mwaka 1932, kisha filamu ya 1936. Kwenye filamu, ndiyo hiyo uliyoisikia, anaimba Joe wa Hammerstein.

Kati ya hapo na mwisho wa miaka ya 1930 yule mwimbaji alibadilika. Alikuwa akiishi London. Mwaka 1934 alijiandikisha chuo cha lugha za mashariki cha London, hiki kinachoitwa SOAS leo, akasoma fonetiki na, utafurahi kusikia, Kiswahili. Aliigiza katika filamu ya Sanders of the River ya 1935, ambamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa London wakati huo, ana kijisehemu kama chifu. Robeson alikuja kuikataa filamu hiyo alipoona imegeuzwa kuwa sifa kwa ukoloni. Alikuwa pamoja na wachimba makaa wa Wales. Mwaka 1938 alikwenda Hispania, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, akawaimbia wapiganaji wa upande wa Jamhuri. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama mbele ya umati akasema amechoka kuishi na anaogopa kufa.

Basi akabadilisha. Mzee ambaye Joe angetamani kuwa akageuka kuwa mzee ambaye *hatamani* kuwa. Kulewa kidogo kukawa kuonyesha ujasiri kidogo, "show a little grit", na jela ni ile ile. Na mistari miwili ya mwisho akaipindua kabisa: nacheka badala ya kulia, na lazima nipigane mpaka nife. Hammerstein hakupenda, na alilisema wazi. Alichukulia kwamba aliyeandika Joe ni yeye, na anayetaka wimbo mwingine aandike wake. Namwelewa. Robeson naye aliendelea kuimba alivyotaka.

Maneno hayo mapya yalipimwa vikali. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa ajili ya siasa zake, akakaa hivyo mpaka 1958. Mwaka 1952 alisimama juu ya lori mpakani, upande wa Marekani, akawaimbia maelfu waliokusanyika wakiwemo Wakanada wa upande wa pili. Mwaka 1957 wachimba makaa wa Wales walimsikiliza kutoka New York kwa simu iliyopita chini ya Atlantiki. Alipokwishapata ruhusa ya kusafiri, mwaka 1960, alikwenda Sydney, Australia, akawaimbia mafundi waliokuwa wakijenga ukumbi wa Opera House, pale pale kwenye saiti, wengine wamepanda juu ya jukwaa la ujenzi. "Ol' Man River" ulikuwamo. Itafute picha yake ya video. Ana koti zito, hana kinanda cha maana, na anaimba kama mtu anayezungumza na wafanyakazi wenzake.

Kwa hiyo uchukue yapi? Ushauri wangu: kama mngekuwa mnaigiza Show Boat yenyewe, ningekutaka uimbe ya Hammerstein neno kwa neno. Pale wewe ni Joe, na Joe hajui habari za Hispania. Na lipo jambo zuri kwenye maneno hayo ambalo Robeson alilitoa sadaka: mto haujali. Mtu amefika mwisho wa nguvu zake, mto unapita tu. Kwenye maneno ya Robeson mto unageuka kuwa mwenzake katika kutokuchoka. Inainua moyo, ila ule ubaridi unaotisha umepotea.

Lakini wewe unasimama peke yako kwenye tamasha, na suti yako, bila gati wala marobota nyuma yako. Hadhira haitamwona Joe, itakuona wewe. Mimi ningechukua ya Robeson. Unaweza kuniambia unapenda yale ya zamani zaidi, nami sitakupinga, mradi usifanye ninachokisikia mara nyingi: nusu ya huyu, nusu ya yule. Mtu anaimba mwanzoni kwamba angetamani kuwa mto, halafu mwishoni anapigana mpaka kufa. Ni watu wawili hao.

Kuhusu neno la kwanza la utangulizi. Mwaka 1927 wabeba mizigo walifungua kwa tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi. Kwenye filamu ya 1936 likawekwa lingine lisilo na nafuu kubwa, kwenye maonyesho ya 1946 likawa "colored folks", na siku hizi wengi huimba "here we all work". Wewe imba hili la mwisho, au anzia moja kwa moja kwenye kiitikio, ambacho kinajitosheleza. Ile Kiingereza ya "dat" na "dere" nayo iache. Ni namna Mzungu wa New York alivyoandika matamshi ya mtu mweusi wa kusini. Wewe ukiyaiga unaigiza mwigo wa mwigo. Ujue pia kwamba tamthilia hii haijawahi kukubalika na kila mtu. Usiku ule wa kwanza wa 1927 Queenie aliigizwa na mwanamke mzungu aliyejipaka rangi nyeusi, na ilipoandaliwa upya Toronto mwaka 1993, Wakanada weusi waliandamana kuipinga. Akija mtu baada ya tamasha akakuuliza kwa nini umeuchagua, uwe na jibu lako.

Sasa tuje kwenye koo.

Wimbo una upana wa oktavu moja na noti sita. Ukisoma doh ni C, noti ya chini kabisa, ile s ya mwanzo, ni G ya chini ya besi, na ya juu kabisa ni m' (m ya oktavu ya juu) karibu na mwisho, yaani E iliyo juu ya C ya katikati. Kuna waliozaliwa na hizo zote. Kijana wa umri wako, hata mwenye besi ya kweli, kwa kawaida hana bado. Sauti nzito huchelewa kukomaa, wengine mpaka miaka ya thelathini. Usijilinganishe na Robeson wa 1936, alikuwa na miaka 38.

Wengi huchagua doh kwa kuangalia noti ya chini, kwa sababu ndiyo inayowatisha kwanza. Fanya kinyume. Noti ya chini ni fupi, iko mwanzo ambapo ukumbi umenyamaza, na kipaza sauti kinaweza kukubeba. Ya juu iko wazi, ni ndefu, na inakuja umekwishachoka. Kwa hiyo tafuta kwanza m' ambayo unaweza kuishikilia kwa starehe baada ya kuimba wimbo mzima, si ile unayoigusa asubuhi ukipasha sauti. Kama ni D, basi doh ni B flat, na chini utashuka mpaka F. Kama F hiyo haitoki hata kwa kunong'ona, panda nusu nusu mpaka pande zote mbili ziridhike.

Ninavyohisi, tatizo lako la chini si noti. Ni kwamba unataka sauti ya Robeson. Weka kidole juu ya kikoromeo uimbe s s l d. Kikoromeo kikizama kwa nguvu kama unalazimisha mwayo, unakandamiza, na ndiyo maana sauti inapotea: umeifungia ndani. Sema kwanza mstari kama unamwambia mtu jambo, kwa sauti ya kawaida ya asubuhi, kisha uingize noti bila kubadilisha chochote kinywani. Itakuwa ndogo kuliko unavyopenda. Iache iwe ndogo.

Mwendo nao uuangalie. Waimbaji hudhani uzito ni kwenda taratibu, wakaishiwa pumzi kwenye mstari wa tatu. Mwanzoni kabisa, mwaka 1928, bendi ya Paul Whiteman na Bing Crosby waliurekodi kwa mwendo wa dansi! Sikutumi huko, lakini tembea. Mto hausimami ili mwimbaji avute hewa.

Kipande cha katikati, kile cha jasho na maumivu, usikipigie kelele. Noti zenyewe zinakaa mahali pamoja zikisukuma, na ngazi ya huzuni inafanya kazi yake bila msaada wako. Waimbaji wengi humaliza nguvu zote hapa, wakafika kwenye kupanda hawana kitu. Kama mwalimu wako atakubali, hapa sauti ya tatu na ya nne wadakie, maana hata kwenye tamthilia wabeba mizigo wanaimba pamoja na Joe. Wewe utapata mistari michache ya kupumzika. Nakala za zamani za wimbo wenyewe zimetoka kwenye hakimiliki Marekani tangu mwanzo wa 2023, lakini mpangilio wa kwaya ulioandikwa na mtu juzijuzi ni mali yake, muulizeni kabla ya kutoa kopi.

Kisha ule mwisho, na hapa ndipo maneno yanapoamua pumzi. Ukiimba ya Hammerstein, anza mstari wa kuchoka kwa sauti ndogo sana, karibu imekatika, na upande pole pole. Sauti isikue kwa sababu Joe amepata nguvu. Ikue kwa sababu mto umeingia. Pumua baada ya kufa, kabla ya jina la mto. Ukiimba ya Robeson huwezi kuanza mdogo hivyo, kwa sababu kupigana hakunong'onwi. Anza katikati, imara, uvute pumzi fupi kabla ya "fighting" na kubwa kabla ya mto, kisha usipumue tena mpaka mwisho. Unapokaribia m' usifungue mdomo kwa upana. Irefushe irabu kwenda chini, iwe karibu na o. Na "along" iishie kwenye ng. Sisi tuna mazoea ya kumalizia neno la Kiingereza kwa irabu, na kwenye noti ndefu kairabu hako kadogo husikika mpaka kiti cha nyuma.

Sikiliza Robeson wa filamu, kisha Robeson wa Sydney, kisha William Warfield kwenye filamu ya 1951 ili usikie mtu mwingine mwenye besi nzuri akiufanya wake. Baada ya hapo zima simu uache kusikiliza wengine mpaka tamasha lipite. Na kama mnayo nafasi kwenye ratiba, kwaya iimbe kwanza "Deep River", wimbo wa kiroho wa kweli, ule uliopangwa na Harry Burleigh. Mto wake ni Yordani, na wanaouimba wanataka kuvuka. Wewe uingie baada yao, bila mpiga kinanda kukuwekea utangulizi mrefu: akupe doh, mipigo minne, uanze.